Neno Nililolikata: Bi. Kaaha Yahye Anatuaga

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitatu ya utumishi, Bi. Kaaha Yahye, Afisa Mkuu wa Masoko wa Ushirika wa Maziwa ya Ngamia wa Dhiil, anastaafu rasmi leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Sherehe ni hapa uwanjani kwetu Garissa, chini ya turubai, saa tatu asubuhi kabla jua halijakasirika. Chai ya maziwa ipo, nyama ipo, na viti vya mbele ni vya wageni wetu wa kutoka Ifo, Ijara na Tarbaj. Tafadhali usome ukurasa huu mpaka mwisho kabla hujanawa mikono. Sisemi hivyo kwa sababu nimejisumbua kuuandika, ingawa nimejisumbua sana.

Kamati ilinipa kazi hii mimi, Najib Ayanle, niliyekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa. Mwenyewe alinipa sharti moja tu: nisimsifu. Hata mstari mmoja. Kamati ilikuwa imeshaniletea sifa kumi na mbili zimepigwa chapa vizuri, na zote ziko kwenye droo yangu, nimezifungia kwa ufunguo. Mwenyekiti amekasirika. Ameniuliza ni wasifu gani huu wa mstaafu usio na sifa, na mimi nimemjibu kwamba akisoma atajua.

Bi. Kaaha, ambaye vijana wote wa ofisi humwita Eddo kama shangazi wa kwao, aliingia Dhiil mwezi wa tatu mwaka 1996. Wakati huo ushirika ulikuwa akina mama wanane, mitungi ya plastiki na kivuli cha ukuta wa duka la mtu karibu na Soko Mugdi. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti. Akiita wateja upande huu, walioko ng'ambo ya barabara waligeuka. Wakamfanya muuzaji, kisha msimamizi wa wauzaji, na tulipojenga chumba cha baridi na kuweka tangi la kupoza maziwa, wakampa meza na kibao cha mlangoni.

Mwaka ule wa kwanza alisifu vitu, kama wafanyavyo watu wote wa biashara. Mwenyekiti wa zamani alinunua pikapu mpya, na Kaaha akaizunguka mbele ya watu akisema haijawahi kuingia mji huu gari yenye nguvu kama ile. Mtu akamwita, akaenda, na lile neno tunalolisema sote tukiona kitu kizuri ili jicho lisikipate, Mashaallah, likabaki mdomoni. Alasiri hiyo hiyo pikapu iliwaka moto ikiwa imeegeshwa, haina mtu ndani, na dereva alikuwa ameutia ufunguo mfukoni. Watu walicheka kwa wiki nzima. Miezi michache baadaye alikwenda kutafuta maziwa upande wa Tarbaj, akanywa maji ya kisima kimoja na kusema hajaonja matamu kama yale. Ngamia walikuwa wakisukumana kwenye birika, kulikuwa na kelele, akasahau tena. Wiki ya pili kisima kikatoa chumvi. Hapo waliocheka walipungua.

Mzaliwa wake wa kwanza alikuwa mvulana, na alimpa jina la bahati, Ayanle, kama jina la baba yangu. Mwaka wa mafuriko makubwa, mtoto akiwa na miezi minane, Bi. Kaaha alikuwa akimwogesha kwenye beseni. Akayatazama macho yake, akasema kwa sauti kwamba hakuna mtoto mwenye macho kama hayo kutoka hapa hadi Mandera. Mtu akabisha hodi. Akamwinua mtoto, akaenda kufungua mlango, na aliporudi alikuwa anafikiria habari aliyoletewa. Homa ilianza kabla ya swala ya magharibi. Mtoto alizikwa siku ya tatu, maji yakiwa bado yamezunguka makaburi.

Mashekhe walimwambia kwamba jicho ni kweli, lakini uhai na mauti viko mikononi mwa Mwenyezi Mungu na yeye hana kosa. Daktari alimwambia kwamba mwaka ule homa iliua watoto wengi ambao hawakusifiwa na mtu. Aliwaheshimu wote wawili na akarudi kazini baada ya siku arobaini. Lakini tangu siku ile ulimi wake aliufunga. Hakuwahi tena kusema kitu ni kizuri, hata wali.

Sasa niambieni, afisa wa masoko asiyesifu anauzaje? Hilo ndilo swali nililojiuliza mwaka 2016 nilipofika hapa na diploma yangu kutoka Nairobi, shati limepigwa pasi, nikidhani nimekuja kumfundisha mama mmoja wa kizamani. Siku yangu ya kwanza nilimfuata sokoni. Mteja akauliza maziwa yakoje. Eddo akamwambia yana chumvi kidogo, yana harufu ya moshi kwa sababu vyombo tunavifukiza, na kama hajazoea tumbo litamsumbua siku mbili. Mteja akanunua lita tano. Nikauliza kwa nini, na yule mteja akanijibu kwamba mtu anayekuambia ubaya wa mali yake hana haja ya kukudanganya.

Msemo wetu mnaouona kwenye kila chupa, “Maziwa ya Dhiil: Si Mabaya,” haukutoka kwenye kampuni ya matangazo. Ulitoka kwake. Ndivyo alivyojibu mwandishi mmoja wa redio aliyemsukuma kwa dakika kumi aseme neno zuri. Wateja wakaupenda, watoto wakauimba, na mwaka uliofuata tuliongeza magari mawili ya kukusanya maziwa.

Siku yake ya kazi ilikuwa hivi, na wapya waisome vizuri. Saa kumi na moja alfajiri anaswali, anageuza anjera nne kikaangoni, mbili zake na mbili za mumewe Mwalimu Yakub. Saa kumi na mbili yuko getini magari yakiingia, anaonja kila mtungi kwa kijiko chake mwenyewe na kutema pembeni. Saa mbili simu zinaanza: hoteli, maduka, akina mama wauzaji wa Ifo wakiongozwa na Bi. Fatumo, ambaye hana simu fupi. Adhuhuri anakwenda nyumbani kwa miguu, jua la utosi, kwa sababu chakula cha mchana na familia hakikuwa na mjadala. Mwenyekiti mmoja alijaribu kuweka mkutano saa saba na alijikuta anazungumza na viti. Saa tisa amerudi. Na kwa miaka mingi alirudi na binti yake, Hani, aliyefanya kazi zake za shule juu ya kasha la chupa karibu na chumba cha baridi.

Hani alizaliwa mwaka 1999, na hakuwahi kusikia neno zuri kutoka kwa mama yake. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu ndilo lililotuleta hapa leo. Alikuwa anapewa kila kitu kingine. Alinunuliwa viatu kabla vya zamani havijachakaa, alipikiwa, alifuatwa shuleni mvua ikinyesha. Lakini akileta daftari lenye alama zote, mama yake alilitazama na kusema si mbaya. Matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, Hani alikuja mbio ofisini na simu mkononi, amepata A ya kutoa. Ofisi nzima tulipiga makofi, na kila mmoja akasema lile neno, Mashaallah, kwa adabu. Mama yake akaisoma simu mara mbili. Akasema, “Si mbaya, hooyo,” neno la mama ambalo kwetu mama humwita nalo hata mwanawe, akaingia chumba cha baridi na kukaa humo muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa umelowa, akatuambia tangi linavuja. Mimi nililikagua tangi. Halikuwa linavuja.

Hani alikuwa amekwishaondoka. Kabla hajaondoka aliniuliza, kwa utani wa mtu asiyetania, kama mama yake hampendi au hampendi sana. Nilijua habari ya Ayanle kama kila mtu, lakini mimi nilikuwa na diploma, na haya yote niliyaita sadfa.

Septemba 2022, kiangazi kikiwa kimetukaba, tulikwenda kwa mfugaji wetu Keinan, aliyekuwa amehamishia ngamia wake upande wa Ijara kufuata majani. Katika kundi lile lililokonda palikuwa na jike mmoja aitwaye Bilan, ambaye kiangazi kilikuwa kama hakijamwona. Alitoa maziwa wakati wenzake wamekauka. Nilikuwa na wazo langu. Niliwasha kinasa sauti cha simu, nikaiacha juu ya mtungi karibu na pale alipokuwa amesimama Eddo, nikaenda kusaidia kupakia. Nilimwona kwa mbali amemshika Bilan shingoni, mdomo karibu na sikio lake, akimsemesha kwa muda. Sikujua anasema nini. Niliporudi alikuwa anapangusa macho na upindo wa mtandio wake, garbasaar.

Jioni niliisikiliza ile sauti, na nywele zilinisimama kwa furaha. Bi. Kaaha Yahye alikuwa anasifu! Alimsifu Bilan hatua zake, macho yake, subira yake wakati wa kiu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Redio ya mjini ilikuwa inatupa nafasi ya sekunde thelathini. Sekunde thelathini za kwanza zilinitosha. Nikakata pale, na yaliyobaki sikuyasikiliza. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikayafuta. Alhamisi tangazo likaenda hewani, na klipu nikaituma kwa wateja wote kwa WhatsApp.

Keinan alinipigia Jumamosi, alipofika penye mtandao. Kiswahili chake mnakijua. “Najib, hapa imeingia kitu,” alisema. “Jana saa nane mchana nimesikia Kaaha anaongea katikati ya ngamia. Natafuta, mtu hakuna. Simu hakuna, mtandao hakuna. Ngamia yote imegeuza kichwa bande ile ya Garissa. Sasa Bilan maziwa imekauka, imesimama tu, chakula hataki.” Nilimwambia ni joto. Siku ya tatu Bilan alifia wima, akiwa ameegemea mti, uso umeelekea mjini, na walilazimika kumwangusha.

Nilikwenda kwa Eddo kukiri. Nilitegemea makelele. Aliuliza kitu kimoja tu, kama neno la mwishoni nililiacha. Nikamwambia sikusikiliza hadi mwisho, nilikata na kufuta. Kisha akasema, “Waryaa Najib, lile ndilo lilikuwa neno. Mengine yote yalikuwa kelele.” Kesho yake alipanda gari kwenda Ijara, akamwachia Keinan ngamia jike wake mwenyewe, na hakulizungumzia tena. Mimi nililizungumza sana peke yangu.

Niliondoa tangazo redioni na kuwaomba wateja waifute klipu. Mnajua wenyewe kwamba kitu kikishaingia kwenye vikundi hakitoki. Desemba mteja mmoja wa Mandera alinitumia klipu ile, akiuliza kwa nini tumeirefusha. Nikaangalia. Klipu niliyoikata kwa mkono wangu ilikuwa sekunde thelathini kamili. Hii ilikuwa thelathini na tatu. Mwishoni palikuwa na upepo tu.

Mwaka 2023 ilirudi tena, sekunde arobaini na moja, na ndani ya upepo ilisikika koor, ile kengele ya mti tunayomfunga ngamia shingoni. Nilizitoa picha zote nilizopiga asubuhi ile. Bilan hakuwa na kengele. Hapakuwa na ngamia hata mmoja aliyefungwa kengele. Nilimpelekea fundi wa simu, naye akanicheka, akasema faili si mtoto kwamba hukua. Nikamwonyesha zote tatu, tarehe na urefu wake. Alizisikiliza, akanirudishia simu kwa ncha za vidole, na tangu siku hiyo nikipita dukani kwake anakuwa na kazi nyingi. Mwaka jana ilifika sekunde hamsini na tano, na baada ya kengele palikuwa na mtu anapumua karibu sana na kinasa.

Hani wakati huo alikuwa mbali na haya yote. Alisomea ualimu, akapangiwa shule moja Tarbaj, akaolewa huko. Mwezi wa nne mwaka huu alijifungua mtoto wa kike salama, na mama yake alikwenda kumwogesha mjukuu. Aliporudi tulimuuliza mtoto anafananaje. Mnajua alichojibu.

Tarehe 22 Aprili, baada ya swala ya adhuhuri, Bi. Fatumo alinitumia klipu kutoka Ifo. Dakika moja na sekunde tano. Niliketi kuisikiliza hapa hapa mezani, mchana kweupe, watu wanapita dirishani na mitungi. Sekunde thelathini zangu zikapita. Upepo, kengele, pumzi. Kisha sauti ya Eddo ikaendelea, kama mtu aliyekatizwa na sasa amepewa nafasi. Ilisema ninaye mmoja nyumbani. Ilisema jina lake Hani. Ikaishia hapo.

Siku hiyo hiyo, kati ya adhuhuri na alasiri, maziwa ya Hani yalikauka. Mumewe alituambia baadaye. Asubuhi alikuwa ananyonyesha hadi nguo zinalowa, na alasiri mtoto analia na hakuna tone. Akaacha kula. Alisimama kwenye dirisha la nyumba ya walimu lililoelekea kusini, upande wa Garissa, na kila walipomkalisha alisimama tena bila kubishana na mtu. Hospitalini walimpima kila kitu na kusema hana ugonjwa. Walimpa dawa, wakamweleza mumewe jinsi ya kumlisha mtoto, na wakafanya kwa moyo wote. Wiki ya pili akaletwa huku kwa mama yake, amekuwa mwepesi kama nguo kwenye kamba.

Mwezi wa tano alikuja ofisini akiwa ameshikwa mkono na baba yake, Mwalimu Yakub. Hakujua habari ya klipu. Alikuja kuniuliza kama katika rekodi zangu zote za miaka tisa ipo hata moja ambamo mama yake amesema jambo jema juu yake. Alisema anataka kuisikia kabla. Hakusema kabla ya nini, na Mwalimu Yakub alitazama nje. Nilitaka kusema haipo. Lakini simu ilikuwa mezani, na asubuhi ile Fatumo alikuwa ametuma tena, dakika moja na sekunde kumi. Eddo mwenyewe aliingia nikiwa bado nababaika. Alitutazama mmoja mmoja, akavuta kiti, akaniambia niiwashe.

Tuliisikiliza sote wanne. Ninaye mmoja nyumbani, jina lake Hani. Anapoingia mlangoni nyumba inakaa sawa. Sijawahi kuona binti kama huyu. Na hapo ikakatika. Hani alilia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, akisema, “Hooyo, ulimwambia ngamia! Ukamwambia ngamia, mimi hukuniambia!” Mama yake akamjibu kwamba alimwambia ngamia kwa sababu kumwambia mtu ni kumuua, na kwamba maneno yalikuwa yamemjaa miaka ishirini na tatu na alidhani ngamia ataweza kuyabeba. Alisema alipomaliza yote alisema Mashaallah mara tatu, kwa Bilan na kwa Hani, akiwa ameweka mkono kifuani. Liko mwishoni, alisema. Sauti inalitafuta na haijalifikia.

Sikulia mbele yao. Nilikwenda chumba cha baridi, kama inavyofanyika hapa.

Tulimwendea shekhe wetu. Amemsomea Hani Qur'ani kila alasiri, akamnywesha maji ya kisomo, akamwambia asiache dawa za daktari. Sasa anakula kidogo. Lakini bado anasimama akitazama mahali mama yake alipo, akiwa chumbani, akiwa jikoni, anageuka naye kama dira. Shekhe akatuuliza ni watu wangapi walioisikia sifa ile bila neno lake. Nilihesabu vikundi, nikaacha. Akasema kusema Mashaallah si kazi ya anayesifu peke yake. Ni ya kila aliyesikia. Walisikia maelfu, na hakuna aliyesema, kwa sababu walidhani ni tangazo.

Ndiyo maana tumewaalika ninyi. Wengine mlidhani mmekuja kwa ajili ya nyama. Kila aliyepo chini ya turubai hili aliwahi kupokea klipu ile, au kuituma, au kuicheka. Na kwa wasioweza kufika tunachapa jarida hili mara tatu ya kawaida, lisomwe Mandera, lisomwe Tarbaj, lisomwe na Keinan, ambaye hasomi lakini atasomewa.

Utaratibu ni huu. Baada ya dua na kabla ya zawadi, Bi. Kaaha atasimama kwenye kipaza sauti. Hani atakaa mbele yake, na mtoto mapajani. Ataanza pale klipu ilipokatika, na atayamalizia maneno yale kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu mtoto wake Ayanle awe kwenye beseni. Ameniambia anaogopa. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona akimwogopa fisi wala mkaguzi ameniambia anaogopa, na ameniuliza mara tatu kama watu watakuwa tayari. Nimemwahidi kwamba mtakuwa tayari. Simu zizimwe zote. Asinase mtu. Na kila mmoja awe na lile neno kwenye ulimi kabla yeye hajafungua wake, mzee na mtoto, mpaka mwenye kugawa chai. Asimame hapo hapo na birika lake, aseme.

Usiku wa kuamkia leo, kabla sijapeleka ukurasa huu kuchapwa, simu ililia. Dakika moja na sekunde kumi na mbili. Hakuna neno jipya. Ila mwishoni kabisa, baada ya kengele, anasikika mtu anavuta pumzi ndefu, kama avutavyo mtu anayetaka kusema.

Eddo Kaaha, ofisi inakushukuru kwa miaka ishirini na tisa, kwa kijiko chako, kwa ukali wako na kwa kila adhuhuri uliyotuacha tukizungumza na viti. Mimi nakushukuru kwa kutonifukuza. Nimeitimiza amri yako: tangu mstari wa kwanza sijakusifu. Tunakutakia maisha mema na mumeo Mwalimu Yakub, na binti yako Hani, na mjukuu wako, ambaye leo utatuambia anafananaje.

Na lile neno nililolikata, mimi Najib Ayanle, kwa mkono wangu, ili litoshe sekunde thelathini, nalirudisha hapa mahali pake, mwishoni, na wewe unayesoma ulitamke nami kwa sauti: Mashaallah. Mashaallah. Mashaallah.